Majalada ya Wenzao

Mjomba alilisukuma sanduku la santuri kwa mguu mpaka likagota kwenye kizingiti, kisha akarudi kukaa kitandani kwake.

"Chukua," alisema. "Utakazozipenda zitumie, usizozipenda gawa. Mimi na hivyo vitu basi."

Aliyeambiwa hivyo ni mpwa wake, binti wa mdogo wake wa kike, fundi mitambo katika kituo kidogo cha redio kilichokuwa mitaa michache kutoka pale nyumbani. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila limelala kwenye vyeti. Tangu alipojua kusema hakuweza kuiacha sentensi ya mtu ipite bila kuisimamisha kwa "mbona", basi ndugu wakamwita Mbona, majirani wakadakia, na redioni nako jina likamfuata. Siku moja hospitalini waliita jina lake halisi mpaka wakachoka, kumbe mwenyewe yuko mbele yao, anasoma bango la ukutani.

"Mbona unanipa zote, Mjomba?"

"Haya, umeanza."

"Hata zile ulizokuwa hutaki zishikwe?"

"Kichwa changu kimekwisha, mwanangu. Mtu aliyekwisha kichwa hapangi muziki. Nifungie mlango, upepo unaingia."

Hapakuwa na upepo wowote. Mbona alilibeba sanduku hadi sebuleni, akalitua karibu na mama yake aliyekuwa amenyoosha mguu juu ya stuli, na wote wawili wakalitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Afadhali tuanzie mwanzo, maana habari ikianzia katikati humchosha msikilizaji. Kwa miaka mingi Mjomba alikuwa na kipindi chake kwenye redio hiyo hiyo, Jumapili alasiri, kipindi cha jazi na kila muziki uliowahi kufunga ndoa na jazi. Alipiga santuri za kweli, sahani nyeusi za sindano, kwa mashine mbili: moja ikiimba, nyingine inaandaliwa. Hakujali wimbo umetoka bara gani wala umerekodiwa enzi za nani. Besi ya peke yake ilimpisha mpiga gitaa wa dansi. Gitaa kabla halijaaga, kinanda cha umeme kimeshaingia kwa mlango wa uani. Ukija kushtuka uko katikati ya zumari na ngoma za watu usiowajua, na hujui umefikaje. "Kazi yangu mimi ni kukalisha wageni," alipenda kusema. "Ukimkalisha mtu karibu na anayemfaa, mazungumzo yatakuja yenyewe."

Kipindi kikiisha alikuwa na desturi ya kuketi na kuirudisha kila santuri kwenye jalada lake. Aliita kuzirudisha makwao. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Ikaja Jumapili ambayo mama yake Mbona aliteleza bafuni akavunjika mguu. Simu ya jirani iliingia studio santuri ya mwisho ikiwa inaimba. Mjomba hakuuliza swali la pili. Alitoka mbio, miwani akaiacha mezani. Mbona, mtoto wa mtu aliyeanguka, ndiye aliyebaki, kwa kuwa mitambo haiachwi peke yake. Alikaa akisubiri wimbo umalizike, na hajawahi kuuchukia wimbo kiasi kile. Ulipokwisha akafungulia taarifa ya habari, akaitoa santuri, akaichomeka kwenye jalada tupu lililokuwa mezani, akafunga sanduku bila kutazama, naye akakimbia.

Jumapili iliyofuata Mjomba alikuja na macho mekundu kwa kukesha hospitalini. Alitangaza kwa sauti yake ile nzito kwamba sasa tunapata kinanda. Akaimba mwanamke. Mjomba akaomba radhi, akachomoa santuri nyingine, akatangaza gitaa. Ikatoka ngoma. Akachomoa ya tatu, akasoma kibandiko chake, akasoma jalada, akarudi kwenye kibandiko, na hapo akanyamaza. Redio ikanyamaza naye.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba, na watu wa ratiba hawaogopi moto kama wanavyoogopa ukimya hewani. Aliingia studio, akaweka wimbo wowote kutoka kwenye kompyuta, kisha akalipekua sanduku. Jalada hili si lake, lile si lake, lile nalo si lake. Hapakuwa na santuri hata moja iliyolala nyumbani kwake. "Mzee amechoka," alisema kwa upole. Akaagiza kila kitu kirudishwe kama kilivyokutwa, wasije ndugu wakadai kasingiziwa.

Mama naye, mguu ukiwa ndani ya plasta, alitoa ushahidi wake bila kuombwa: kwamba kaka yake siku hizi hutia chumvi kwenye chai, na mara mbili amemwita kwa jina la dada yao aliyekwisha kufariki. Jamani, nani hajawahi kutia chumvi kwenye chai? Lakini mtu akishabandikwa jina, hata kukohoa kwake kunakuwa dalili. Kipindi kikafungwa, na Mjomba akakubali bila ubishi.

Hicho ndicho kilichomkereketa Mbona. Angepiga kelele, angemtukana meneja hata kwa kumung'unya, ingekuwa nafuu. Badala yake alizima redio ya chumbani, akaacha kupiga mluzi bafuni, na kila asubuhi Mama alimsikia ng'ambo ya ukuta akijitajia majina ya ndugu na majirani mmoja mmoja, akijipima kama bado anayo. Kila siku alichelewa kidogo zaidi kuyamaliza. Mtu mzima alikuwa ameambiwa amekwisha, na alikuwa ameanza kuisha kweli.

"Shikilia ile nafasi ya Jumapili wakati natafuta mtu," meneja alimwambia Mbona. "Unajua mitambo, na kidogo muziki unaujua."

"Kidogo," alijibu Mbona, shingo upande.

Basi akalipeleka sanduku redioni, kwenye chumba cha maandalizi chenye mashine mbili za santuri na zulia lililochakaa katikati. Nia yake ilikuwa njema na ya kijinga: azirudishe santuri zote makwao, halafu ndiyo aanze kupanga kipindi. Lakini udadisi ukamwambia asikilize mbili tatu kwanza. Akachomoa santuri iliyokuwa kwenye jalada lenye picha ya daraja, akaiweka mashine ya kulia. Ikaimba. Akachomoa nyingine kwenye jalada la samaki wawili, akaiweka kushoto. Ile ya kulia ilipokwisha akaitoa, na akiwa bado ametega sikio upande wa pili, mkono wake ukaichomeka kwenye jalada la samaki.

Akautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mbona nimeiweka humu? alijiuliza, na jibu lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi. Santuri ya kwanza inaimba. Unachomoa ya pili, unaipandisha mashineni, jalada lake linabaki mkononi, tupu. Ya kwanza ikiisha unaitoa, na jalada lililo karibu ni lile lile la ya pili. La ya kwanza liko chini ya mengine huko. Masikio yako yako kwenye muziki, kwa hiyo mkono hautafuti, unachukua kilicho karibu. Ukifanya hivyo kipindi kizima, mwisho wake kila jalada lina santuri iliyotangulia kupigwa kabla ya yake.

Na Jumapili ile ya bafuni, Mjomba hakupata nafasi ya kuzirudisha makwao.

Alizirudisha zile santuri mbili kwenye majalada alikozitoa. Aliyatandaza majalada yote kwenye zulia na kuanza kuyafuata kama mtu afuataye nyayo. Ndani ya daraja mlikuwa na santuri ya mwanamke aliyefumba macho. Basi mwanamke alipigwa kabla ya daraja. Ndani ya mwanamke mlikuwa na santuri ya kiti cheupe. Basi kiti kilipigwa kabla ya mwanamke. Akayapanga hivyo, moja nyuma ya jingine, mpaka zulia likajaa na majalada yakaanza kupinda kufuata ukuta, na alipoliweka la mwisho akakuta linagusana na la kwanza.

Meneja alichungulia mlangoni. "Umehamia sokoni?"

"Hii ni Jumapili ile," alisema Mbona, bado amepiga magoti. "Ile Mama alipoanguka. Kipindi kizima kiko hapa chini, kwa mpangilio wake. Mzee hakuchanganya kitu. Alikuwa hajamaliza kazi tu, nasi tukamfungia sanduku."

Meneja aliwaza. "Mbona mwenyewe hakusema?"

Lilikuwa swali zuri, na lilimuudhi Mbona kuona limetoka kinywani mwa mwingine. "Alikuwa hajalala siku kadhaa. Alisahau kwamba hakuzirudisha. Hilo na wewe ungelisahau."

"Labda," alisema meneja. "Na labda alizichomeka ovyo, nawe unaona njia pasipo na njia. Mtu akitaka kuona njia huiona hata ukutani." Akaondoka zake, na kwa kuwa hakusema kwa ubaya, maneno yake yakachoma zaidi.

Palikuwa na namna moja tu ya kujua. Kama santuri zilichomekwa ovyo, basi zikipigwa kwa mpangilio ule zingegombana. Mbona akavaa hedifoni, akaanza kusikiliza viungo: mwisho wa santuri hii, mwanzo wa ile. Kiti cheupe kiliishia kwa kinanda kinachorudia sauti mbili, na mwanamke aliyefumba macho aliingia kwa kuimba sauti zile zile mbili, katika lugha ambayo Mbona hakuijua hata salamu yake. Mwanamke alimaliza kwa kupumua, na daraja likaanza kwa brashi zikipapasa ngoma, kama pumzi ile imepata mtu wa kuipokea. Kiungo baada ya kiungo, sikio lilipita bila kujikwaa. Mara nyingine kilichounganisha kilikuwa mwendo, mara nyingine ngozi ya ngoma, mara moja kelele za watu ukumbini zikipokewa na gitaa lililopigwa kama mvua juu ya bati. Mbona alijikuta anacheka peke yake kama mwehu. Jungu kuu halikosi ukoko, na hapa ukoko ulikuwa ndio chakula chenyewe.

Ila shida ilibaki moja. Mduara hauna mwanzo. Ile santuri ya mwisho aliyoichomeka yeye siku ya msiba wa bafuni ilikuwa imeingia kwenye jalada la santuri ya kwanza, kwa sababu ndilo pekee lililobaki tupu, na hivyo ncha mbili zikafungana. Ilikuwa ipi? Alijikamua akili, hakukumbuka. Alichokikumbuka ni chuki yake kwa wimbo ule na taa nyekundu ya hewani.

Akasikiliza tena viungo vyote, safari hii akitafuta kibovu, kwani kamba hukatikia pabovu. Na akakipata. Filimbi moja ya taratibu, taratibu mno, iliyokuwa inafifia mpaka hujui imekwisha au bado. Na baada yake, bila hodi wala salamu, matarumbeta ya bendi nzima na ngoma usoni. Kiungo hicho hakikuwa kiungo, kilikuwa ugomvi. Basi ndipo hapo: kipindi kilianza na matarumbeta kuwaita watu, kikaisha na filimbi kuwaaga. Hata mtoto angekipanga hivyo.

Jioni alimweleza Mjomba habari ya mduara, kwa mikono na kwa vijiko vya mezani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akavikusanya vijiko, akavirudisha kwenye bakuli.

"Wewe ni mpwa mwema," alisema. "Mpwa mwema humtungia mjomba wake maneno ya kumfariji."

"Sijatunga, Mjomba. Njoo usikilize mwenyewe."

"Nitasikia kitu kizuri umekipanga wewe, nami nitajidanganya ni changu. Hapana. Jana nilisimama uani sikujua nimefuata nini. Hilo nalo lina mduara?"

Mbona alichukua kijiko kimoja bakulini, akakirudisha. Mama, aliyekuwa anamenya viazi, aliinamisha uso kwenye sufuria. Viazi vile alivimenya mpaka vikakaribia kwisha.

Jumapili ilifika. Mbona aliliweka sanduku kulia kwake, majalada yakiwa kwa mpangilio wa mduara, akavuta kiti, akafungua maikrofoni na kusema maneno machache tu: kwamba leo tutasikiliza kipindi kilichopangwa na mwenyewe, mfuateni anakokwenda. Hakutaja jina. Akayaachia matarumbeta.

Meneja alikuwa upande wa pili wa kioo, mikono kifuani. Santuri ya kwanza ikaenda, ya pili ikaipokea kwa besi ya umeme yenye kutafuna tafuna, ya tatu ikaingia na vinanda viwili vinavyotaniana. Hapo ndipo taa ya simu ilipowaka.

"Redio," alisema Mbona.

Kwanza alisikia kipindi chake mwenyewe kikinguruma upande wa pili, sauti ya juu isiyo ya kawaida, na nyuma yake Mama akisema kwa nguvu kwamba masikio yake leo yameziba, kwa hiyo mwenye kukereka na akereke. Kisha sauti nzito.

"Nani kakuambia kipindi kinaanza na matarumbeta?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mtu katoka kula, kajinyoosha, wewe unamzaba kofi. Nani kakufundisha hivyo?"

"Kiungo kilikatika pale, Mjomba. Nikajua ndio mwanzo."

"Hakikukatika. Kabla ya matarumbeta kulikuwa na filimbi. Ile ya taratibu, inayokufa polepole. Ilikuwa saa ya pili ya kipindi, watu wameanza kusinzia kwenye viti, ndio nikawapiga kofi. Nilianza na besi ya peke yake, ile yenye jalada la mlango wa bluu, na niliishia na mzee wa kinanda anayecheza kama anafunga duka. Ukimsikiliza mwisho wake, anaishia pale pale besi inapoanzia. Mimi siku zote narudi mlangoni nilikoingilia."

Mbona aligeuka akatazama sanduku. Mlango wa bluu ulikuwa pale ndani, katikati ya mpangilio wake, umefuata nyuma ya mzee wa kinanda. Kiungo hicho alikuwa amekisikiliza na kukisifu, akakipita. Hakuwahi kumtajia Mjomba filimbi. Hakuwahi kumtajia mlango. Juzi mezani alizungumza kwa vijiko, si kwa majina.

"Mjomba," alisema. "Umekumbuka."

Kipindi tu ndicho kilichosikika, na pengine kisu cha Mama juu ya ubao.

"Vinanda hivyo vinakaribia kwisha," alisema Mjomba. "Utazungumza na simu mpaka lini?" Akakata.

Mjomba alifika studio santuri nyingine mbele zaidi ikiwa mashineni, jasho kwenye paji la uso, shati amelifunga vifungo kimakosa, upande mmoja juu upande mmoja chini. Meneja alimfungulia mlango wa studio kabla hajaugusa. Hakusema samahani, wala Mjomba hakuingoja. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, ambacho Mbona alikwisha kukipisha, akavaa hedifoni, akasikiliza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja.

Kuanzia hapo Mbona alikuwa mtu wa kupokea na kutoa. Mikono ya Mjomba ilikwenda yenyewe: huku inapandisha, huku inashusha, kidole kimoja juu ya ukingo wa sahani kikiizuia isianze kabla ya wakati wake. Aliunganisha kwa namna ambayo Mbona, pamoja na juma lake lote la kusikiliza, hakuifikia. Mahali alipokuwa ameziacha santuri mbili zipishane, Mjomba alizikutanisha zikatembea pamoja kidogo ndipo moja ikaaga. Simu ziliwaka, Mbona akazipokea kwa kunong'ona. Mmoja alitaka kujua mwanamke yule anaimba lugha gani. Mwingine alisema alikuwa anapiga pasi na hajui shati lile ameshalipiga mara ngapi.

Halafu, katikati ya kitu kizuri kabisa, Mjomba alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya sanduku, vidole vimefunguka, na hauendi popote. Santuri iliyokuwa hewani ilikuwa inaelekea ukingoni. Akamgeukia Mbona, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesimama uani hajui alifuata nini.

"Hapa," alisema taratibu. "Hapa nilipiga nini?"

Mbona alikuwa na jalada tayari. "Samaki wawili," alisema, akamkabidhi santuri yake. Mjomba aliitazama kibandikoni, akaikubali, akaipandisha. Kiungo kilipita bila kujikwaa. Hakuna msikilizaji aliyejua kitu, na meneja nyuma ya kioo hakujua kitu, lakini Mbona alijua, na furaha aliyokuwa nayo tangu simu ile ilipungua ikabaki nusu. Kumbe yote mawili yalikuwa kweli: Mama hakusema uongo, na mduara nao haukusema uongo.

Waliendelea hivyo, wawili kama mmoja, hadi wakaifikia filimbi. Kwa mpangilio wa Mbona ilikuwa ndiyo ya mwisho, na saa ya ukutani ilikaribia kukubaliana naye.

"Nipe yale matarumbeta tena," alisema Mjomba.

"Tulianza nayo, Mjomba. Meneja atasema tumeishiwa."

"Ulianza nayo wewe. Watu hawajayasikia bado."

Mbona aliitafuta santuri, akaipandisha kwenye mashine ya pili. Mjomba akaweka sindano mahali pake na kidole juu ya ukingo. Filimbi ilipanda, ikashuka, ikawa pumzi, ikawa uzi wa pumzi, ikaisha. Sindano ikafika mwisho wa njia yake na Mjomba akaifunga.

Ukimya.

Mbona alisubiri. Meneja alikwisha kuondoa mikono kifuani na kusogea kwenye kioo. Redio ilikuwa haitoi hata chembe ya sauti, na mitaa yote ile, kwenye majiko, kwa mafundi cherehani na kwenye magari yaliyoegeshwa, ilikuwa inasikiliza hewa tupu. Mjomba alikuwa ametazama mbele, pasipo na kitu. Kidole chake hakikutikisika. Uso wake ulikuwa ule ule wa Jumapili ya aibu, alipokuwa na jalada mkono mmoja na santuri mkono wa pili. Ameondoka tena, alifikiri Mbona. Akanyoosha mkono kuelekea mashine.

"Mjomba," alinong'ona. "Hapa ni matarumbeta."

"Subiri."

Mkono wa Mbona ukabaki hewani. Ukimya uliendelea mpaka ukawa na uzito, mpaka mtu aliyesinzia popote pale akawa amefungua jicho kutafuta kilichopotea. Hapo Mjomba akainua kidole.

Matarumbeta yaliingia, na Mbona, aliyekisikia kiungo hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote, aliruka kwenye kiti. Juma zima alikuwa ameziunganisha filimbi na matarumbeta bega kwa bega na kusema zinagombana. Nafasi iliyokuwa kati yao hakuiona, kwa kuwa haikuwa ndani ya jalada lolote. Ng'ambo ya kioo meneja alikuwa amejishika kifua, kisha bila kutaka akaanza kutikisa kichwa kwa mwendo wa ngoma.

Mbona aliurudisha mkono wake mapajani. Aliona aibu. Alikuwa amemtetea mtu huyu mbele ya kila mtu, na kimya kifupi tu kilitosha kumfanya amkatie tamaa.

"Ulidhani nimesahau," alisema Mjomba, jicho lake likiwa kwenye sindano.

"Ndiyo, Mjomba."

Alitikisa kichwa polepole, bila kumlaumu.

"Hata mimi nilidhani," alisema. "Halafu nikayasikia matarumbeta yanakuja."